Mistari ya Drusilla

S.L.P. 87,
Sosiot,
Kericho.

19 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Mongina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako huku Sosiot. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Bogonko na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wazee wa watu vitandani umepata nafuu. Je, baridi imeshaanza huko Minnesota? Celine, binti wa mchungaji wetu, ananiambia theluji haichelewi. Nimemwambia mtu wa Kericho haogopi barafu, sisi yetu hutuangukia kichwani ikiwa mawe.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kanisani, naimba besi kama zamani. Ukiniuliza habari ya moyo, sina la kukuambia. Umekufa ganzi tangu Februari. Wewe mwenyewe uliniona kwenye simu siku ya mazishi ya wifi yako Drusilla, nimesimama na kofia mkononi kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Wazee walisema Mochama amejikaza kiume. Sikujikaza, dada. Nilikuwa nangoja kulia, na kilio hakikuja, nami nikaona aibu kuwaambia watu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu huyo Celine anasafiri Alhamisi kuja huko kwa kazi ya uuguzi, na amekubali kubeba bahasha. Halafu kwa simu wewe huanza kulia kabla sijafika katikati ya neno, nami nabaki nimeshika simu sijui niseme nini. Tangu ile siku ya Juni niliposema labda nitaing'oa chai, tumekuwa tukizungumza habari za mvua tu. Hata mvua imechoka kutajwa.

Najua kitu unachotaka kujua ni kimoja, kama chai ya wifi yako ipo au haipo. Nitafika huko. Lakini nikianza na mwisho hutaelewa nilivyofika, na utanikasirikia bure.

Unakumbuka shamba lilivyo. Huku juu kando ya barabara ni ile chai aliyopanda baba baada ya kuhama kutoka Nyamira. Chini kuelekea kijito ni ile mistari thelathini na mmoja aliyopanda Drusilla mwaka wa tisini na sita, tulipokuwa tumeoana mwaka mmoja. Wewe ulikuwa darasa la sita na ulimbebea miche kwenye karai, ukaanguka nayo mara mbili, naye akakutetea kwa baba akisema aliyeanguka ni yeye. Karo yako ya sekondari ilitoka kwenye mistari hiyo hiyo. Sikukumbushi ili ujione una deni. Nakumbusha kwa sababu nadhani ndiyo maana ulikata simu ile siku ya Juni.

Unakumbuka pia ile ngazi katikati ya shamba. Chai hushika kimo cha mtu anayeichuma. Mimi ni mrefu, kwa hiyo chai ya juu ilikuwa inafika kwenye mshipi wangu. Drusilla alikuwa mfupi, na yake ilisimama shibiri nzima chini ya yangu. Ukiwa barabarani uliona kabisa mahali shamba linapodidimia. Kiplangat, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, alikuwa akisema mgeni akipita atadhani nusu ya shamba la Mkisii inazama.

Sasa hili hulijui, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Miaka yote hiyo Drusilla alikuwa akiniomba niishushe chai yangu. Kila nilipokwenda mazoezi ya kwaya au mikutano ya kiwanda, yeye ndiye aliyechuma upande wangu, viwiko vimeinuka karibu na masikio. Jioni alikuwa akijipaka dawa mabegani na kuniambia, "Mochama, punguza hiyo chai kidogo." Nami nikimjibu kwamba nikiishusha nitachuma nimeinama mpaka nipinde kama jembe. Siku moja nilimwambia apande juu ya debe. Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Basi tulipomzika kando ya nyumba, upande wa kushoto kama kawaida yetu, siku za msiba zikapita bila mtu kushika jembe. Zilipokwisha, Chepchirchir na wenzake watatu wakarudi kuchuma kama walivyozoea. Chepchirchir unamjua, ni yule mrefu aliyekuwa akija na Drusilla tangu akiwa msichana. Walichuma chai ya juu mpaka pale kwenye ngazi, wakageuka. Wiki iliyofuata wakageuka tena pale pale. Hakuna aliyeingia kwenye mistari ya Drusilla.

Niliona. Nikajiambia, kumbe Wakipsigis hawa majirani zetu nao wana mwiko wao juu ya shamba la marehemu, na mtu hawezi kumlazimisha jirani avunje mwiko wake. Sikuuliza. Nikikuambia ukweli wote, nilifurahi kwamba siwezi kuuliza. Ilinipa sababu ya kutoshuka huko mwenyewe.

Mvua ya masika ilikuja ikiwa imechelewa, ikaja yote kwa pamoja. Ile mistari ikaota. Unajua chai isipochumwa inakumbuka kwamba ni mti. Kufikia Mei ilikuwa kifuani mwangu, kufikia Juni ikaanza kutoa maua meupe, na nyuki wakaja. Watu waliopita barabarani walitazama kisha wakanisalimu kwa sauti ya chini.

Mwezi huo wa Mei tulipigwa na mvua ya mawe kuliko zote nilizoziona. Siku hizi tunatumiwa ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu, jambo zuri sana, ila siku hiyo ujumbe ulifika mawe yakiwa yameshaanza kuyeyuka. Nilisimama barazani nikatazama chai ya juu ikichanwachanwa. Zamani Drusilla angekuwa anapiga kelele akiyaambia mawe yaende kwa wengine, nami ningekuwa namkataza kwa ajili ya majirani. Safari hii nilitazama kama mtu anayetazama shamba lisilo lake. Mvua ilipokwisha nikaenda kukamua ng'ombe.

Ndipo mwanangu Nyagaka alipokuja kutoka Mulot, anakoendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Alizunguka shamba lote, akarudi na jibu. Chai imekwisha, wachumaji hawapatikani, bei ya mbolea haishikiki, wenzetu wanapanda parachichi. Ng'oa yote, baba, mimi nitaleta mashine ya kung'oa. Nikasema sawa. Wakati huo nilikuwa nikisema sawa kwa kila kitu. Angeniambia tupande minanasi ningesema sawa. Usimkasirikie, alikuwa anatafuta njia ya kunitoa pale nilipokuwa nimekwama. Wiki hiyo ndiyo niliyokupigia.

Kabla Nyagaka hajarudi na mashine yake, akaja Vivian. Huyu ni afisa wa kilimo anayezunguka kwetu na pikipiki, kijana kuliko Nyagaka lakini udongo anaujua. Alipima wa kwetu mwaka jana akatuambia tunatia mbolea mahali ambapo hata hapana haja. Safari hii alikuwa anaunda kikundi cha mashamba sita ya kushirikiana mashine ya kuchumia. Si yale matrekta uliyosikia habari zake kwenye mashamba makubwa ya kampuni. Hii hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na wa tatu nyuma anashika mfuko.

Nilimuuliza wachumaji wangu wataenda wapi. Akasema wachumaji wenyewe wameshaanza kwenda, na ilikuwa kweli, kwa maana mmoja wao, Rebeccah, alikuwa ameshakwenda Londiani kuchimba viazi. Lakini sharti la mashine ni moja. Haipandi ngazi. Shamba lote lazima liwe tambarare kama meza, kufikia mwisho wa Julai. Atakayeshindwa, nafasi yake inapewa shamba la saba, na shamba hilo lilikuwa linangoja.

Akataka kuona. Tukashuka, mimi, yeye, Kiplangat aliyekuwa amekuja kuazima msumeno, na Chepchirchir. Tulipofika kwenye ngazi tukasimama wote mbele ya msitu ule. Vivian akauliza kwa nini hii chai haijachumwa tangu Februari.

Nikamtazama Kiplangat. Kiplangat akanitazama mimi. Chepchirchir akatazama viatu vyake.

"Si ni mila ya Wakisii?" Kiplangat akasema. "Sisi tuliona mama ameenda, na wewe pia huingii. Tukasema hiyo ni mambo yao, tusiguse."

Nikamwambia kwamba kwetu hakuna mila kama hiyo, na kwamba nilidhani ni ya kwao.

"Ya kwetu?" akasema Chepchirchir. "Mzee, sisi tungechuna siku ile ya kwanza. Mimi nilikuwa nataka kuchuna hiyo ya mama. Nikaogopa utakasirika."

Miezi mitano, Mongina. Tumeishi ua kwa ua na watu hawa tangu baba, tumezikana, tumeozeshana, na kwa miezi mitano kila mmoja alikuwa anaheshimu mwiko wa mwenzake ambao haupo. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto hivyo. Kiplangat alicheka mpaka akashika mti. Chepchirchir akacheka. Mimi nami nikacheka kwa sababu ilikuwa zamu yangu, ila sikusikia chochote ndani.

Vivian hakucheka sana, ana kazi. Akasema si neno, dawa ni rahisi. Kwa kuwa chai ya chini imeshakua juu kuliko ya juu, tuikate ilingane na yangu, kwenye mshipi. Shamba litakuwa sawa kwa siku mbili, na ndani ya wiki sita tutakuwa tunachuma. Kiplangat akasema sawa. Nami nilikuwa tayari kusema neno langu lile la sawa.

Lakini ili atuonyeshe, aliingiza mikono kwenye kichaka kimoja akakipanua. Na mle ndani, chini kabisa ya matawi mapya, ilikuwepo meza ya zamani ya kuchumia. Unajua mahali pale vidole vinapokata chipukizi kila baada ya wiki mbili kwa miaka, tawi hufanya vifundo. Vilikuwa vifundo vitupu, vimejipanga kwa kimo kimoja kutoka mchai huu hadi ule, mstari wote. Nikaweka kiganja juu yake. Kilikaa chini ya mfuko wa suruali yangu. Nikajua kwamba tukikata pale juu, vifundo vile vitafunikwa, na hakuna mtu atakayejua tena mikono ya Drusilla ilikuwa inafika wapi.

Nikamuuliza Vivian kama inawezekana kufanya kinyume. Akauliza kinyume gani. Nikasema yangu ishuke, ifuate ya Drusilla.

Akanieleza vizuri, kwa heshima, kwamba inawezekana ila si busara. Chai ya baba imekomaa kwenye kimo kile, ikishushwa shibiri nzima haitatoa jani la maana kwa miezi mitatu. Nitakaa mpaka Oktoba bila kupeleka hata kilo kwenye kituo cha kununulia chai. Na mimi nikiwa mrefu hivi nitachuma nimeinama maisha yangu yote.

Nikasema, "Shusheni."

Sikusema kwa uchungu wala kwa upendo, nisikudanganye. Ni mdomo tu uliosema. Nyagaka alipopata habari alinipigia simu akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia huenda. Hata hivyo alikuja mwenyewe Jumamosi na panga lake, akafunga kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi kwenye kimo cha vile vifundo, tukaivuta mpaka juu barabarani, tukakata. Tulikata siku nne. Matawi tuliyaacha juu ya michai yafunike mashina, jua lisiyaunguze. Shamba lilionekana kama kichwa kilichonyolewa na mtu asiyejua. Watu wa barabarani safari hii hawakunisalimu kabisa.

Miezi hiyo mitatu tuliishi kwa maziwa na mahindi ya Nyagaka. Sikuona ugumu wowote, kwa sababu sikuwa naona kitu. Niliamka, nikatazama vijiti, nikarudi ndani. Mwisho wa Agosti vijiti vikatoa macho mekundu. Kiplangat alikuja kuniita nitoke nione, kana kwamba ng'ombe amezaa. Nikamwambia nimeona.

Sasa nafika Jumanne iliyopita. Ndiyo siku mashine ilipofika kwetu kwa mara ya kwanza. Vivian alituwashia akatuelekeza. Mimi nikashika upande mmoja, Chepchirchir upande wa pili, na Kiplangat kwa udadisi wake akajitolea kushika mfuko. Kelele ya mashine ni kama ya pikipiki inayopanda mlima. Tukaanzia juu, kwenye chai ya baba.

Chepchirchir akanipigia kelele juu ya ile sauti, "Mzee, inama! Inama tena! Mama alikuwa anafika hapa!"

Nikainama. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tano mgongo ukaanza kuniuma. Haukuwa uchungu wa kawaida, dada. Ulitoka kiunoni ukapanda hadi shingoni, nikasimama katikati ya mstari siwezi kunyooka wala kuinama. Na nikashangaa, kwa sababu hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini mwangu tangu Februari. Nikawaza, basi hivi ndivyo mabega yake yalivyokuwa. Miaka ishirini na tisa. Na mimi nilimwambia apande debe.

Nikaketi pale chini kati ya mistari nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyenyimwa, nikimwita jina. Sikumbuki nimelia kiasi gani. Chepchirchir alizima mashine akajifanya anatazama petroli. Kiplangat akaenda kukojoa, akakawia sana kwa mtu aliyekwenda kukojoa.

Kisha nikainuka tukamaliza. Tulishuka mpaka kwenye kijito bila mashine kuruka hata mara moja. Hakuna ngazi tena. Ukisimama barabarani leo unaona shamba moja, limelala chini, na Kiplangat anasema sasa limezama lote.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Chai ipo.

Sitaki udhani kila kitu ni kizuri. Mashine inakata na vijiti pamoja na majani, na karani wa kituo alituambia tumwage mfuko mmoja tuuchague upya. Wale wachumaji wanne sasa wamebaki wawili, na sijui kama nimewatendea haki wale wengine. Moyo wenyewe haujarudi. Jumatano niliamka ukiwa umekufa ganzi kama kawaida. Lakini mgongo unauma kila nikitoka shambani, nami sijaupaka dawa.

Nisalimie sana shemeji Bogonko, mwambie kiti chake cha barazani bado kipo ila kuku wamekizoea. Nisalimie watoto wote, hasa Moraa. Nyagaka anakusalimu, na Kiplangat na mkewe, na Chepchirchir anasema umletee viatu vya mpira vya Marekani, kama huko kuna mvua. Usihuzunike tena kwamba makaratasi yalikuzuia kuja kumzika. Yeye hakuwa mtu wa kuhesabu waliokosekana. Mungu akutunze huko ugenini, aushike mgongo wako na wangu, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kuinama.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata asipojua kusema,

Mochama

Nimesahau jambo. Kwenye bahasha utapata kipande cha kamba ya katani. Nilitaka kukutumia tawi lenye vifundo, lakini Celine anasema uwanja wa ndege watamnyang'anya. Ni ile kamba tuliyokatia, na nimeipima mwenyewe. Simama wima, kanyaga ncha moja, uivute juu. Pale inapoishia, weka mkono wako. Hapo ndipo alipokuwa akifika.